Boti ya mtumba ya familia: anzia nyuma, sio mbele

Mtu akienda kuangalia boti ya mtumba jicho linakimbilia mbele. Anaona viti vyeupe, usukani unang'aa, spika za muziki, pua imechongoka, watoto wameshapanda wanapigana picha, hapo roho imeshakwenda na muuzaji ameshajua. Mimi kila anayeniuliza namwambia zunguka nenda nyuma, kwenye tezi, na ukae hukohuko nusu saa kabla hujagusa kiti chochote. Kama unaitaka kwa michezo ya maji na familia, yaani kuvuta tyubu (lile boya la upepo la kupanda watoto), wotaski (kuteleza juu ya maji kwa skii), wekibodi (kuteleza kwa ubao mmoja), kuogelea visiwani Jumapili, basi kila kitu kinapita nyuma. Mashine iko nyuma, kamba inafungwa nyuma, watoto wanaruka na kupanda kwa nyuma, na ule ubao unaobeba mzigo wote huo uko nyuma na ndio huwa unaanza kuoza.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa futi 16, nyembamba, mashine ya 40 (yaani nguvu za farasi 40), ngazi hakuna, na mimi nilivyoiona imepigwa rangi mpya nikajua nimeokota dodo chini ya mnazi. Tukatoka nayo Kunduchi kwenda upande wa kisiwa cha Mbudya mwezi wa nane, asubuhi bahari shwari kabisa, mchana upepo wa kusi ukaamka. Binti yangu alikuwa na miaka 9, akadondoka kwenye tyubu, sio shida, ndio mchezo wenyewe, shida ikawa kumrudisha ndani. Ukingo uko juu, boti inapanda na kushuka, mikono yake midogo inashika inateleza, inashika inateleza, na sisi watu wazima wawili tukiegemea upande mmoja boti inalala upande huohuo. Mwisho nilimvuta kwa mikanda ya laifjaketi, tumbo likasugua ukingo mpaka likachubuka, analia, maji ya chumvi kwenye kidonda. Haikuzidi dakika tano lakini mama yake mpaka leo akiniona naangalia boti ananiuliza kitu kimoja tu, "Ngazi iko wapi?" Na ndio swali sahihi.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea mara ya kwanza, akakaa vizuri na mafundi, akanunua mara ya pili kwa akili. Nazungumzia zaidi bahari ya huku kwetu, Dar, Bagamoyo, Unguja, Tanga, na ndugu zetu wa Mombasa na Kilifi maji ni yaleyale na upepo ni uleule.

Hatua ya 1: hesabu watu na mchezo, futi zije baadaye

Kaa nyumbani na karatasi. Andika wangapi mnatoka kwa kawaida, sio siku ya sikukuu wajomba wote wamekuja, bali Jumapili ya kawaida. Halafu andika mchezo gani. Tyubu ya watoto ni kazi nyepesi, mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa unatosha kabisa, tena kwa wadogo usizidishe. Wekibodi inataka kama 30 hadi 37. Wotaski ya mtu mzima inataka 45 na zaidi, na hapo tunaongelea mashine yenye nguvu ya kumnyanyua mtu kutoka majini haraka, maana akivutwa taratibu anakunywa bahari tu mpaka anaachia kamba.

Kuna hesabu ya Wamarekani ya boti zisizofika futi 20, ni rahisi na inasaidia kukata ubishi na dalali. Chukua urefu kwa futi, zidisha na upana kwa futi, gawa kwa 15, jibu ndio idadi ya watu. Boti ya futi 19 yenye upana wa futi 7 inakupa 133, gawa kwa 15 unapata 8 na kitu, basi ni watu wanane. Lakini hesabu hiyo inamchukulia mtu mmoja kama kilo 68 na inafikiria hali nzuri ya bahari. Kwa michezo ya kuvuta mimi natoa wawili hapo. Boti ya wanane iwe ya sita. Maana una tyubu yenyewe ikitolewa upepo bado inajaa miguuni, una kuleboksi, una dumu la petroli, taulo, mapezi ya kuogelea, na muhimu kuliko vyote wale walioko kwenye tyubu ni watu wa boti, lazima wawe na pa kukaa wakirudi. Nimeona watu wanajaza boti afu wanasema wawili si wako kwenye tyubu bwana, tyubu ikipasuka je?

Kwa familia ya watu watano sita chini ya futi 18 mtabanana, futi 19 hadi 22 ndio utamu. Zaidi ya hapo inakuwa nzito, petroli inaongezeka, na kuisukuma maji yakipwa inahitaji mtaa mzima. Upana nao usiudharau, futi 7 au 7 na nusu inatulia wakati mtu anapanda kwa pembeni, ile yangu ya kwanza ilikuwa haifiki hata 6.

Hatua ya 2: umbo

Sokoni kwetu utakutana na aina kama nne. Kuna ile boti ya faiba ndefu ya kazi, inayobeba watalii au wavuvi, mabenchi ya mbao pembeni na kivuli juu. Ni imara, bei yake nzuri, lakini nyuma mara nyingi imebanwa na ukingo uko juu. Kuna yenye usukani katikati, hii ndio naipenda mimi kwa bahari yetu maana unazunguka pande zote, mtoto akidondoka upande wowote unamfikia, na nyuma kuna sakafu wazi. Kuna zile za viti mbele na nyuma kama sebule, nyingi zimeletwa kutoka Ulaya, Marekani au Dubai, nzuri sana kukaa, ila zile za bei rahisi zimetengenezwa kwa ajili ya maziwa, pua iko chini, ukikutana na mawimbi ya kusi pale kati mkondo unapokaza maji yanaingia mbele kwenye mapaja ya bibi. Na kuna za mpira zenye chini ngumu, hizo kwa kupandisha watoto hazina mpinzani, mtoto anajibwaga kama kwenye godoro, lakini jua letu linakula gundi, ukikuta viraka viwili vitatu na maboya yanalegea asubuhi kwa asubuhi achana nayo.

Angalia na chini yake. Chini iliyochongoka inakata wimbi vizuri, chini bapa inapiga, pa pa pa, migongo inauma, ila bapa inaamka juu ya maji kwa nguvu ndogo. Kwa maji ya ndani kama hori la Mtwapa au Kilifi, ambako watu wanacheza sana wotaski kwa sababu maji yametulia, bapa kiasi sio mbaya. Kwa Dar au Nungwi nataka iliyochongoka.

Neno moja kuhusu boti zenye mashine ndani na mguu unatoka nyuma. Bei yake inavutia sana, unakuta futi 21 kwa hela ya futi 17. Kwenye maji ya chumvi ule mguu na mpira wake wa kuzuia maji ni mgonjwa wa kudumu, mpira ukipasuka maji yanaingia ndani ya boti sio nje, na mashine za petroli zilizofungiwa chini zinataka feni ya kutoa mvuke wa petroli kabla hujawasha la sivyo ni hatari ya mlipuko. Spea utaagiza nje, utasubiri miezi. Kama huna fundi wake unayemjua kwa jina, iache.

Hatua ya 3: tezi yenyewe

Hapa ndio tukae.

Ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, mafundi wengine wanauita transomu, kwa boti nyingi ni plaiwudi nene iliyofunikwa faiba pande zote. Ikiwa kavu ni imara kama chuma. Maji yakiingia kupitia tundu la bolti hata moja lisilozibwa, plaiwudi inaoza ndani kwa ndani huku faiba nje inang'aa. Mashine ya 75 ina zaidi ya kilo 100, sasa weka na nguvu ya kusukuma, weka na kamba inayovuta watu wawili, yote yananing'inia kwenye ubao uliokuwa kama biskuti kwenye chai.

Namna ya kuijua: nyanyua mashine juu, shika ule mguu wake wa chini karibu na propela, bonyeza chini kwa uzito wako halafu achia, mwenzako ainamie pale inapofungwa aangalie. Ukuta ukicheza, hata kidogo, au bolti zikionekana zimezama ndani ya faiba, umeoza. Pili chukua nyundo ndogo au mpini wa bisibisi ugonge kuanzia juu kwenda chini na pembeni, polepole, usikie. Penye uzima panalia ko ko ko kavu, penye ugonjwa panalia bu bu kama unagonga gunia. Rudia, sikio linajifunza haraka. Tatu, omba kufungua skrubu moja iliyo chini, ile ya kitambuzi cha kina au ya ngazi. Muuzaji anayejiamini atakubali mkikubaliana kuiziba upya. Boti moja niliyoikataa Unguja, skrubu ilivyotoka tu yakafuata maji, rangi ya chai ya rangi, yanadondoka tone tone, yananuka ukungu, na jamaa anasema, "Hiyo ni ya kuosha jana, mzee." Boti ilikuwa juu ya magogo tangu mfungo uishe.

Ubao uliooza unatengenezeka, fundi wa faiba anakata, anatoa, anaweka mpya, analaza matabaka. Lakini ni kazi ya kushusha mashine na wiki kadhaa, kwa hiyo iingie kwenye bei kabla hujalipa, sio baada.

Ukishamaliza ubao, jiulize mtu anapandaje. Ngazi nzuri ina vidato vitatu au zaidi na vidato viwili vinazama chini ya maji, maana mtu aliyechoka hana nguvu za mikono, anahitaji pa kukanyaga. Ngazi ya vidato viwili inayoishia juu ya maji ni pambo. Iwe pembeni ya mashine mbali na propela, au pembeni ya boti. Na iwe inashushwa na mtu aliyeko majini mwenyewe, maana siku moja wote mtakuwa mnaogelea. Kama haina ngazi lakini vingine vyote vizima, sio sababu ya kuikataa, fundi atatengeneza ya stenlesi, ila sehemu ya kuifunga lazima iwepo na iwe imara.

Halafu sehemu ya kufungia kamba. Usikubali kamba ifungwe kwenye kikono cha kiti, kwenye nguzo ya kivuli, wala kwenye ngazi. Zinatakiwa ringi mbili za chuma zilizopita ukuta mpaka upande wa pili na bamba nyuma yake, moja kila upande wa mashine, na kamba ya umbo la V inayozipitia ili isisugue kwenye mashine. Ile nguzo ndefu ya kuvutia wekibodi, zile za juu kabisa, ni za mtu mmoja wa kuteleza, ukifunga tyubu ya watu watatu pale inang'oka, na vuta ile inatoka na nati zake kuelekea watu waliokaa.

Hatua ya 4: mashine

Pwani yote hii kuanzia Lamu mpaka Mtwara fundi wa Yamaha Enduro ya stroku mbili utampata chini ya mwembe, spea ziko, anaifungua na kuifunga umekaa unakunywa dafu. Hiyo ni sababu kubwa kuliko maneno yote ya katalogi. Hasara yake inakula petroli, mashine ya 75 ukiibana mpaka mwisho ni karibu lita 30 kwa saa, inachanganywa oili, kwa kawaida 50 kwa 1 yaani mililita 20 kwa kila lita, na ina moshi, na moshi unaenda nyuma kwa walioko kwenye kamba. Stroku nne inanyamaza, inakula kidogo, haitaki kuchanganya, kwa familia ni raha, lakini ikipigwa maji au ikiharibika mfumo wa umeme unahitaji fundi mwenye kompyuta. Kama uko Dar au Mombasa stroku nne iliyotunzwa ni sawa. Kama uko mbali, nisikilize, chukua Enduro.

Ukubwa je? Kwa boti ya futi 19 na watu sita, mashine ya 40 itakufikisha kisiwani lakini haitavuta mtu mzima. 60 hadi 75 inavuta tyubu vizuri. 90 hadi 115 ndio wotaski bila kugombana. Mbili za 40 ni chaguo zuri sana kwa usalama, moja ikifa nyingine inawarudisha, watu wa utalii Zanzibar wanazipenda kwa hilo, ila ujue ni plagi mara mbili, impela (pangaboi la pampu ya maji ya kupoza mashine) mara mbili, na uzito mara mbili kwenye ule ubao. Tafuta pia kile kibati cha boti kinachosema mwisho ni mashine ya nguvu ngapi, usipite hapo.

Siku ya kuangalia fika mapema kuliko mlivyokubaliana na kitu cha kwanza weka mkono juu ya mashine. Ikiwa ya moto wameshaiwasha kabla yako, na mashine inayosumbua kuwaka baridi huwa inapashwa hivyo. Iache ipoe kabisa ndio uiwashe mwenyewe.

Ikiwaka angalia ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni, uwe na nguvu, uwe wa vuguvugu. Mchirizi dhaifu ni impela imekufa au chumvi imeziba njia, na mashine isiyopoa inajipika. Kisha fundi wako, nasema wako sio wake, apime kompresheni, yaani mgandamizo, silinda zote mashine ikiwa na joto. Namba yenyewe inategemea mashine, kinachotafutwa ni zisipishane zaidi ya asilimia 10. Silinda mbili 115 na ya tatu 85, hiyo unanunua matengenezo. Oili ya gia nayo, fungua skrubu ya chini itoke kidogo kwenye kidole: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Zinki, zile kete za kijivu zinazoliwa na chumvi badala ya mashine, ziwe zimeliwa nusu, hiyo ni dalili zinafanya kazi. Zikiwa zimepakwa rangi hazifanyi kitu na ujue mwenye boti hakujua anafanya nini.

Boti iliyotoka Mwanza ina bahati hapa, maji ya ziwa hayana chumvi na mashine huwa safi ndani hata ikiwa na miaka. Ila wewe ukitaka kuichezea hukohuko Ziwa Victoria kumbuka kichocho, usiwaache watoto kwenye maji ya matete yaliyotulia, na mkapime afya zenu kila baada ya muda.

Hatua ya 5: sakafu, ngama, umeme

Hii haraka. Tembea sakafu nzima kwa kisigino, pakibonyea paweke alama kwa chaki, ukipata alama tatu nne ujue mbao za chini zimeoza. Fungua ngamani, pale chini ya sakafu maji yanapokusanyika, nusa. Harufu ya petroli pale ni sababu ya kusimamisha kila kitu, tanki la chini ya sakafu likitoboka kulifikia ni kuvunja boti. Pampu ya ngama iwashe uisikie. Waya zilizounganishwa kwa kusokotwa na selotepu zitakuangusha, sio leo, mwezi wa tatu tangu uinunue. Usukani uzungushe mpaka mwisho kushoto na kulia, ukiwa mgumu kebo imeota kutu, na kebo haikarabatiwi, inabadilishwa. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ivute wakati inaunguruma. Isipozima hapohapo, haupeleki mtoto humo mpaka itengenezwe.

Hatua ya 6: itoe baharini, alasiri

Muuzaji atakwambia njoo saa moja asubuhi. Asubuhi kila boti ni nzuri. Omba saa tisa alasiri, hasa kipindi cha kusi, upepo ukiwa umeamka lakini mkiwa karibu na pwani na hali haitishi. Angalia na jedwali la maji, siku za bamvua bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mnaweza kurudi mkakuta mita mia mbili za tope na mwani kabla ya maji.

Usiende wawili tu na mafuta robo. Beba mzigo wa familia yako. Kama huna watu, jaza maji madumu ya lita 20, kila moja kilo 20, madumu 15 ni kilo 300, yapange wanapokaa watu. Sasa mwambie akanyage kutoka kusimama. Hesabu kwa sauti. Pua inanyanyuka, huoni mbele, halafu inalala na boti inateleza juu ya maji. Ikichukua sekunde tano sita uko vizuri. Ikifika kumi na kitu, au isilale kabisa, haina nguvu ya kuvuta mtu, au imebeba maji ndani ya povu la chini ya sakafu, au propela si yake. Propela hilo ni la kubadilika kwa hela ndogo: lenye mjongeo mdogo (umbali linaosonga mbele kwa mzunguko mmoja) linaamka haraka na kuvuta vizuri, mwendo wa mwisho unapungua. Kila inchi moja ya mjongeo inabadilisha mizunguko kama 200 kwa dakika, fundi akijua mashine inafika ngapi ikiwa imebanwa yote atakwambia upande gani wa kwenda.

Piga kona kali kiasi. Propela likianza kupiga kelele na kuachia, linakula hewa, huenda mashine imefungwa juu mno au mguu ni mfupi kwa ukuta ule. Ukiivuta tyubu utakuwa unapiga kona muda wote, kwa hiyo hili sio dogo.

Halafu zima mashine katikati ya maji. Kabisa. Kaa kimya dakika kumi, iache iyumbe. Ruka majini wewe mwenyewe ukiwa na laifjaketi, kaa humo mpaka uchoke kidogo, kisha panda bila msaada. Watu wengi hawafanyi hili wanaona aibu mbele ya muuzaji. Lifanye. Mpandishe na mwenzako awe anajifanya hawezi. Wakati huo utajua ukingo uko juu kiasi gani, ngazi inacheza au haichezi, na watu wawili wakiwa nyuma boti inachota maji au la. Ukirudi pwani fungua ngamani tena uone maji yameongezeka kiasi gani tangu mlivyotoka.

Hatua ya 7: karatasi na hela

Namba ya mashine isome mwenyewe kwenye kibati, ilingane na risiti na jina la anayekuuzia. Mashine za boti zinaibwa sana, zinabadilishwa bodi zinahamishwa mkoa, na ukikamatwa nayo maelezo ni yako. Mambo ya usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo yako kwenye mamlaka za usafiri wa majini: bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Nenda na nakala ofisini ukaulize kabla ya kulipa. Kama imeingizwa kutoka nje, au imevuka kutoka Zanzibar kuja bara, taka karatasi za ushuru. "Zitakuja baadaye" hiyo sio karatasi.

Kwenye bei toa kasoro moja moja kwa utulivu, ubao, kebo, impela, ngazi, kila moja na gharama uliyopewa na fundi. Na usitumie hela yote kununulia. Mimi nabakiza robo ya bajeti, na mara zote mbili iliisha ndani ya miezi mitatu.

Hatua ya 8: kabla ya tyubu ya kwanza

Laifjaketi za watoto zinunuliwe kwa kilo za mtoto, na za wadogo ziwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo jaketi linapanda linabaki usoni. Kamba ya tyubu ni nene na haivutiki, urefu wa mita 15 hadi 20, na ina kiwango chake: ya mtu mmoja inastahimili kama kilo 680, ya wawili kama 1,080, ya wanne kama 1,860. Kamba ya nanga isivute mtu kamwe, ikikatika inarudi kama mjeledi. Ongeza redio ya VHF, chaneli 16 ndio ya kuitia msaada, kizima moto, na maji ya kunywa mara mbili ya unavyodhani. Petroli igawe tatu: theluthi ya kwenda na kucheza, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Mkishuka Mbudya au Bongoyo kuna ada, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo nanga iende kwenye mchanga sio juu ya matumbawe.

Siku ya kwanza usivute mtu. Toa familia, kila mmoja aruke na kupanda mara mbili, bibi naye kama anaogelea. Chagua mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia nyuma tu, haangalii simu, hashiki chakula, na mkubaliane ishara: gumba juu ongeza, gumba chini punguza, mkono shingoni simama, mikono miwili juu ya kichwa baada ya kudondoka maana yake niko salama. Asiyetoa ishara hiyo, unageuka mara moja. Mfuate mtu ukiwa unamwona upande wako wa usukani, pua ikielekea upepo, na ukimkaribia kama mita tano zima mashine. Sio gia katikati, zima, toa ufunguo, ndio ngazi ishuke. Na hakuna mtu wa kukaa ameninginiza miguu nyuma wakati mashine inaunguruma, kwa sababu ya propela na kwa sababu ya ule moshi, unalevya na kuua bila harufu kali.

Ukifunga siku, osha mashine kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, dakika kumi, boti ikiwa nchi kavu vua kizibo cha ngama maji yatoke, na pitisha mkono kwenye ringi za kamba na bolti za ngazi kuona kama kuna iliyolegea. Yangu ya sasa ni futi 21, usukani katikati, ngazi ya vidato vinne. Binti ana miaka 14, anapanda mwenyewe na mdogo wake mgongoni.